Karatasi zangu zote zina mihuri, lakini mwalimu mkuu amekataa

Kwako Mwalimu mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na huu ni mwaka wangu wa pili wa uzamili katika elimu. Nasoma jioni na Jumamosi. Mchana nina darasa la Gredi ya 4 lenye watoto 68.

Utafiti wangu unahusu kusoma. Watoto wanafika Gredi ya 4, ambapo Kiingereza ndicho kinachochukua nafasi ya kufundishia, na bado wapo ambao hata aya fupi ya Kiswahili inawashinda. Nyumbani na mtaani wanaongea Sheng. Nilitaka kujua wanakwama wapi hasa: ni silabi, au ni neno lenyewe ambalo hawajawahi kusikia mtu akilitamka?

Mwezi wa Februari, kabla sijajua lolote kuhusu vibali, nilianza kukaa na watoto tisa saa ya chakula cha mchana. Wakishakula wananifuata chini ya mti ulio karibu na tangi la maji. Kila mmoja anasoma hadithi ya mistari kumi, nami namrekodi kwa simu yangu ili nisikilize usiku nikipanga somo la kesho. Mmoja wao ni kijana ninayemwita Fundi, kwa sababu huwashonea wenzake viatu kwa waya. Darasani alikuwa hafungui mdomo. Siku moja mwezi Machi alisoma sentensi nzima bila kusimama. Kwenye rekodi unasikia amenyamaza kidogo, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Tena?" Akairudia mara nne. Nimeisikiliza rekodi hiyo mpaka naijua kwa moyo.

Mei nilitetea pendekezo langu la utafiti, na hapo ndipo msimamizi wangu aliponieleza njia ya kupita. Juni nikapata cheti cha kamati ya maadili ya chuo. Julai nikapata leseni ya NACOSTI, tume inayoruhusu utafiti nchini. Nikaenda Nyayo House, nikapeleka nakala kwa ofisi ya elimu na kwa ofisi ya kamishna. Kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nina faili nene kuliko daftari la mahudhurio.

Pendekezo langu lina shule mbili, yangu na nyingine ya umma iliyo jirani. Kwa ile ya jirani ndipo nilipokwama. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasoma kila karatasi mpaka chini kwenye muhuri. Kisha akazipanga, akanirudishia, akasema: "Karatasi zako ni safi, mwalimu. Lakini mwaka juzi alikuja kijana na karatasi kama hizi. Walimu wangu waliacha vipindi wakamjazia hojaji. Watoto walitolewa darasani. Akasema atarudi kutueleza alichopata. Mpaka leo tunamngoja." Akaniambia nirudi mwakani.

Mwakani siwezi. Nisipowasilisha tasnifu kabla ya Novemba kuisha, nitalipa karo ya muhula mwingine, Sh45,000. Tayari nina mkopo wa Sacco, na mume wangu yuko kwenye kazi za mjengo, leo ipo kesho haipo.

Mwenzangu mmoja shuleni ananiambia nirudi kwa ofisi ya kaunti ndogo, mwalimu mkuu yule apigiwe simu na wakubwa wake. Tunayesoma naye chuoni ananiambia niachane na shule ile, nichukue rekodi zangu za Februari na Machi, niandike kwamba ni za Agosti. "Nani atajua?" Msimamizi wangu hajui kwamba rekodi hizo zipo. Wazazi nao sikuwahi kuwauliza. Kuwauliza sasa naogopa, maana akitokea mmoja aseme hapana, utafiti wote utaporomoka.

Mimi si mwizi, Mwalimu. Lakini nikisikiliza sauti ya Fundi usiku nahisi nimeshika kitu cha mwenyewe. Nifanyeje?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Nairobi


Mwalimu mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale kwenye "Tena?" Nimefundisha miaka mingi na neno hilo nimelisikia mara chache sana kutoka kwa mtoto aliyekuwa akiogopa kitabu. Kwa hiyo kabla ya mengine, pokea pongezi zangu kwa saa zile za chakula ulizoziacha. Hakuna aliyekulipa.

Umeniuliza kuhusu mlango wa shule ya jirani, lakini barua yako imebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni mwalimu mkuu aliyekataa ilhali karatasi ziko sawa. Wa pili ni simu yako, yenye sauti za watoto tisa zilizochukuliwa kabla ya karatasi yoyote. Umeieleza kama mambo mawili tofauti, na wenzako nao wamekushauri hivyo, mmoja huku na mwingine kule. Mimi naona yanaulizia jambo moja: ni nani mwenye haki ya kukwambia hapana, na wewe utafanya nini akiitumia.

Tuanze na mwalimu mkuu. Nahisi unaamini kwamba leseni inamfunga. Itoe kwenye faili, uigeuze, usome masharti yaliyo nyuma yake. Tangu sheria ya mwaka 2013 iliyoiunda Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, hiyo NACOSTI yako, mtu hafanyi utafiti nchini bila leseni. Lakini leseni inakuruhusu wewe. Mwenye shule haijamwamuru chochote. Na ukiwa hapo hapo kwenye masharti, tazama orodha ya wanaopaswa kujulishwa kabla hujaanza: mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kamishna wa kaunti na gavana. Wawili umewataja. Gavana hukumtaja. Watu wengi humruka, kwa kuwa chini ya Katiba ya 2010 kaunti ina elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi ziko kwa serikali ya kitaifa, basi mtu anajiuliza ofisi ya gavana inahusikaje. Hata hivyo jina lake limo. Kama hujapeleka nakala City Hall, hiyo ni safari ya asubuhi moja, na ni afadhali uigundue sasa kuliko mtahini aigundue.

Je, upite juu ya mwalimu mkuu, apigiwe simu? Inawezekana ofisi ikakusaidia, na pengine kwa upole, maana wapo wakurugenzi wanaojua kuzungumza na walimu wakuu wao. Hilo lisitupwe. Lakini jiulize utapokea nini mlango ukifunguliwa kwa nguvu. Walimu wataijaza hojaji yako kama wanavyojaza fomu zinazotoka juu, kwa kuandika kile wanachodhani kinatakiwa. Mtoto ataletwa mbele yako kwa amri. Nawe ni mwalimu wa mtaa huo huo. TSC, tume inayoajiri walimu, inaweza kukuhamishia shule hiyo Januari ijayo, ukafika na jina lililotangulia.

Sasa msikilize tena mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa naibu kwa miaka tisa, na kuna hojaji nilizozijaza za watu ambao sikuwaona tena, kwa hiyo pengine ninamwelewa kupita kiasi. Lakini alichokueleza ni deni. Wewe hukulikopa, ila umefika mlangoni kwake ukiwa umevaa nguo zile zile za aliyelikopa. Karatasi kama zile, ahadi kama zile. Na tazama alivyoyapanga malalamiko yake: walimu waliacha vipindi, watoto walitolewa darasani, hakuna aliyerudi. Ni kama amekuandikia masharti yake bila kujua.

Unaweza kurudi kwake ukiwa na kitu kingine mkononi badala ya faili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema utakaa na watoto wangapi, saa ngapi, baada ya masomo, na tarehe utakayorudi kuwaeleza walimu ulichokiona, iwe tasnifu imeisha au haijaisha. Mwulize siku gani shule inapumua. Muhula wa tatu ni mfupi, na ndani yake kuna tathmini za Gredi ya 6 na za Gredi ya 9. Tangu Januari 2023 shule nyingi za msingi zimebeba Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ndani ya ua lile lile, kwa hiyo huenda anayekwambia "mwakani" ni mtu aliyechoka kweli. Anaweza kukubali alasiri mbili za Ijumaa. Anaweza pia kukataa tena, na hapo utakuwa umepoteza wiki moja usiyokuwa nayo. Ukiona hivyo, kuna kutafuta shule nyingine iliyo ndani ya eneo lililotajwa kwenye leseni. Lakini kubadili shule ni kubadili pendekezo, na kamati ya maadili iliyokupa cheti inapaswa kuandikiwa kabla hujaingia. Au kuna kubaki na shule yako peke yake, na msimamizi wako ndiye wa kusema kama swali lako linaweza kusimama kwa mguu mmoja.

Kuhusu muda, nataka utenganishe vitu viwili ambavyo hofu imevifunga pamoja. Leseni yako ya Julai ni ya mwaka mzima, na inaweza kuombewa upya. Kwa hiyo sheria haikukimbizi. Kinachokukimbiza ni karo. Sh45,000 si pesa za kusema "haidhuru", hasa kwa nyumba yenye mkopo na mjengo usiotabirika, na sitajifanya sioni. Umeshauliza ofisi ya uzamili kama aliyebakisha tasnifu tu hulipa karo nzima au sehemu? Umeshaomba kwa maandishi kuongezewa muda, ukiambatisha tarehe za cheti na leseni ili waone miezi ilikwenda wapi? Huenda jibu likawa baya. Lakini kwa barua yako naona bado unaogopa jibu ambalo hujapewa.

Tufike kwenye simu.

Ulichofanya chini ya mti, Mwalimu, kilikuwa kufundisha. Mwalimu anayesikiliza sauti ya mwanafunzi wake usiku ili ajue kesho aanzie wapi hajamwibia mtu. Hapo nafsi yako iachilie. Jambo linageuka siku sauti ile inapotoka kwa mwalimu na kuingia kwenye tasnifu, maana pale inasomwa na watu ambao Fundi hawajui na hawakumfundisha. Kamati ya maadili huangalia mbele, hukupa ruhusa ya kukusanya kuanzia siku ya cheti. Ruhusa ya kurudi nyuma mpaka Februari si kawaida yao kuitoa.

Ushauri wa kubadili tarehe nauogopa, na nakueleza kwa nini. Rekodi ya simu hubeba tarehe yake ndani, na mtahini anaweza kuiomba. Shahada inaweza kufutwa hata miaka baadaye. Lakini hayo ni ya kukamatwa. Kuna lingine ambalo halihitaji mtu akukamate. Machi, Fundi alikuwa mtoto asiyeongea. Agosti, kwa namna unavyomweleza, nadhani anasoma. Ukiandika kwamba sauti ya Machi ni ya Agosti, utakuwa umemwandika kwamba hajasonga, na umefuta miezi mitano aliyoipanda mwenyewe, silabi kwa silabi. Sijui kama mwenzako wa chuoni alilifikiria hilo.

Upande wa pili una hatari zake pia. Ukimweleza msimamizi wako, anaweza kukasirika. Mkiiandikia kamati, inaweza kusema rekodi zitumike iwapo wazazi wataridhia sasa, kwa kuwa zilichukuliwa kama kazi ya darasa. Inaweza kusema uzitaje tu kama chanzo cha swali lako, bila kunukuu sauti. Inaweza kusema zifutwe. Na inaweza kuchukua wiki kadhaa kusema lolote kati ya hayo, huku Novemba inakuja. Wapo watafiti waaminifu ambao wangeziacha rekodi hizo kimya, wakaanza upya na watoto wale wale, safari hii kwa ridhaa. Hasara yake unaijua kuliko mimi. "Tena?" haitarudi, kwa kuwa mtoto hawezi kusoma sentensi yake ya kwanza mara ya pili.

Lolote utakaloamua kuhusu tasnifu, kuna la leo jioni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na zitumike kwa faida yake. Sauti yenye jina ni taarifa. Je, simu yako ina nywila? Watoto wako nyumbani huichezea? Rekodi hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni? Umeziandika kwa majina yao kamili? Haya hayangoji kamati.

Nimebakisha wazazi, ambao umewapa sentensi mbili tu mwishoni, nami nadhani ndiko moyo wako ulikojificha. Unasema mmoja akikataa, utafiti wote utaporomoka. Kwa nini? Tisa kutoa mmoja ni wanane, na utafiti wa kusikiliza watoto wakisoma haufi kwa kupungua mmoja. Nisamehe nikikosea, lakini nadhani unapofikiria mzazi atakayekataa, unamfikiria wa Fundi.

Kuna hofu nyingine ambayo ningependa uibebe zaidi ya hiyo. Mzazi wa mtaani kwetu akiitwa na mwalimu huja amejikunja, akidhani mtoto amekosa. Ukimwekea fomu ya Kiingereza mezani atatia sahihi kabla hujamaliza kueleza. Ndiyo ya namna hiyo ni nyepesi kuipata, na hapo ndipo uzito wake. Wewe ndiye unayemfundisha mwanawe na unayejaza ripoti yake, basi hata ukiuliza kwa upole anasikia amri. Wengine huomba mwalimu wa darasa jingine auleze utafiti na kukusanya fomu, mwenye utafiti akiwa hayupo. Fomu iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti. Na mtoto naye aulizwe, kwa maneno yake, akijua kwamba akikataa bado ana nafasi yake chini ya mti kesho saa ya chakula. Hilo la mwisho lazima liwe kweli kabla hujalisema. Je, kikundi kitaendelea Desemba ikishapita, hata kama tasnifu imekwama?

Mwalimu mkuu wa jirani alikwambia hapana, ukaumia, lakini ulirudi nyumbani na heshima yako. Wazazi wale bado hawajapewa nafasi ya kukwambia ndiyo wala hapana. Huenda ukianza nao, hata kabla ya kamati na kabla ya chuo, utajua vizuri zaidi cha kuwaambia hao wengine. Huenda pia ukaona ni mapema mno kuwashughulisha na jambo ambalo kamati inaweza kulikataa. Yote mawili nayaona, na wewe ndiye unayewajua watu wenyewe.

Ila ukienda kwa kina Fundi, usitangulize fomu. Nenda jioni, mtoto akiwepo, simu ikiwa na chaji. Mwombe Fundi ruhusa kwanza, kisha umsikilizishe mlezi wake ile ya Machi, na kama kijana atapenda, asome mbele yake hadithi ya wiki hii. Fomu iache mezani na uwaage. Mtu apewe siku mbili za kufikiri wewe ukiwa haupo. Wakikwambia ufute, fungueni simu pamoja, na kabla hujaifuta uwaulize kama wangependa kubaki na nakala yao.